Sneak: anyate, anyemelee au ajiibe? Mwongozo kwa anayetafsiri tamthilia

Skripti ikikufikia ina sentensi "She sneaked out last night", usikimbilie kamusi. Tazama picha kwanza. Natafsiri tamthilia za Kituruki zinazoingizwa sauti za Kiswahili, studio yetu iko Mikocheni, na sijaona tamthilia isiyokuwa na msichana anayetoka usiku bila ruhusa, shangazi anayesikiliza mlangoni na mjomba anayemezea mate mali ya marehemu. Skripti ya Kiingereza huwaita wote hao kwa kitenzi kimoja, "sneak". Kiswahili hakiwaweki kapu moja, na hapo ndipo mtafsiri anapolia.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: miguu inaelekea wapi, na kuna nini mbele yake?

Kunyata ni habari ya miguu tu. Mtu ananyata kwa sababu mtoto kalala, au kwa sababu sakafu ni ya mbao na inalia. Nia yake inaweza kuwa safi kabisa. Bibi anayekwenda msalani saa nane usiku ananyata. Kwa hiyo ukiona kamera imeshuka kwenye nyayo, "alinyata" linatosha, na ukitaka kuliongezea ladha, "alikwenda nyatunyatu".

Kunyemelea kunataka windo. Hakuna anayenyemelea hewa. Fungua ukurasa wa michezo msimu wa usajili: Simba inamnyemelea mshambuliaji, Yanga nayo inamnyemelea huyohuyo. Ukurasa wa siasa, fulani analinyemelea jimbo la mwenzake. Hata maradhi humnyemelea mtu. Kila mara kuna kinachoendewa, na chenyewe hakina habari. Ndiyo maana "sneak up on" huwa haina ubishi, andika "nyemelea" uendelee. Lakini "sneak out" ni kuondoka, na anayeondoka hana anachokinyemelea.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwetu aliandika "Alinyemelea nje jana usiku". Mzee wetu mmoja, mwenye ile sauti nzito ya baba mwenye nyumba, akavua spika za masikioni.

"Binti yangu, huyu alimnyemelea nani huko nje?"

"Shikamoo mzee. Hakumnyemelea mtu, katoka tu bila wazazi kujua."

"Marahaba. Basi kajiiba. Si useme kajiiba?"

Kujiiba. Neno tunalo, tunalitumia kila siku, "nimejiiba ofisini mara moja, narudi sasa hivi", halafu tukikaa mbele ya kompyuta linatutoka. Lina kila kitu kinachotakiwa: mtu anatoka, wenye mamlaka juu yake hawajui, na anategemea kurudi kabla hawajagundua. Kutoroka ni zaidi ya hapo. Aliyetoroka huenda harudi, na akirudi atarudishwa.

Ila kwenye kuingiza sauti, neno sahihi linaweza kukataliwa na mdomo. Midomo ni ya Kituruki, skripti ni ya Kiingereza, masikio ni ya Kiswahili. Kwenye onyesho hilo mama mkwe anamwambia mwanawe "Dün gece gizlice çıktı". Hesabu silabi, ni nane. "Jana usiku alijiiba" ni kumi, yaani mwigizaji ameshafunga mdomo na sisi bado tunasema. Ondoa "jana", maana ni asubuhi na wako mezani wanakunywa chai, kila mtu anajua ni usiku upi. "Usiku alijiiba", silabi nane. Na bahati nyingine, "dün" inaanza kwa midomo iliyoviringwa, na "u" ya "usiku" inaiviringa vilevile. Tatizo ni "ba" ya mwisho. Herufi B, M na P hufunga midomo, na mtazamaji huliona hilo hata kama hajui ameona nini. "Çıktı" haifungi popote. Kama kamera ingekuwa usoni mwa mama mkwe, ningelazimika kwenda kwa "Usiku alitoroka", silabi nane na midomo haifungi, ila ningekuwa nimemzushia msichana kosa kubwa kuliko alilotenda. Nikarudisha picha nyuma: wakati sentensi inaisha kamera iko kwa mwanawe, anayeacha kukoroga chai. Basi "alijiiba" ikapita. Tazama picha kwanza, nilikwambia.

Miguu ikishajulikana, nenda kwenye asili ya neno. Wapo wanaoona huo ni usomi wa bure. Mimi naona ndiko unakopata harufu ya neno, yaani kama linatukana, linatania au linaeleza tu. Unahitaji kamusi yenye miaka ndani yake, kwa sababu kamusi za lugha mbili zitakupangia visawe kwenye mstari mmoja kama sare, bila kukwambia kipi kinavaliwa wapi. Baba wa hizo ni ile kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 ikakamilika 1928, na kwa kila neno huonyesha lilipoonekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza kadiri walivyoweza kupata. Kwa matumizi ya kila siku Merriam-Webster ya mtandaoni inatosha, ni bure, na iko tovuti ya Etymonline ya Mmarekani Douglas Harper, ambayo naifungua kwenye simu nikiwa ndani ya daladala. Kwa upande wetu weka mezani Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, ile ya 2015.

Sasa soma walichoandika kuhusu "sneak", na usome taratibu, maana siri iko kwenye "labda". Neno linajitokeza mwishoni mwa karne ya 16. Mara tu baadaye liko jukwaani: kwenye Measure for Measure ya Shakespeare, iliyochezwa mbele ya Mfalme James mwezi Desemba 1604, Mtawala anamwambia Lucio "Sneak not away, sir". Lucio amemsengenya Mtawala wakati Mtawala amejibadilisha kuwa mtawa, sasa siri imefichuka na yeye anatafuta mlango. Angalia kwamba tangu hapo neno limebeba dharau. Anayeondoka kwa heshima hafanyi "sneak", hiyo ni ya mwenye hatia. Ningepewa sentensi hiyo leo ningeandika "Usijiibe, bwana wee", na hiyo "bwana wee" ndiyo ingebeba dharau yenyewe.

Nyuma ya karne ya 16 pana giza kidogo. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "snīcan", kutambaa, na watu wa Skandinavia walikuwa na "sníkja". Mtu mwenye haraka atasema basi, "sneak" imetoka humo. Wanaotunga kamusi hawasemi hivyo, wanasema labda, na sababu yao iko kwenye irabu. Ile I ndefu ya zamani ilibadilika kwa utaratibu: "rīdan" ikawa "ride", "bītan" ikawa "bite". Kwa njia hiyohiyo "snīcan" ingetupa "snike", itamkwe snaik. Hatuna "snike", tuna "sneak". Kuna kitu kilikatika njiani, au neno lilipita kwenye lahaja ambayo haikuandikwa. Kwa hiyo ukikuta kwenye kamusi maneno kama "perhaps", "akin to" au "of obscure origin", usiyaruke ukaenda kuwaambia watu kwamba umegundua asili. Hapo mwandishi wa kamusi anakwambia mpaka wa ushahidi wake. "Snake", nyoka, ambaye Kiingereza cha kale kilimwita "snaca", anahesabiwa kwenye ukoo huohuo wa kutambaa, na mtu haoni ajabu.

Ila jihadhari na kufanana kwa sauti. Kwetu tuna nyata, nyapa, nyemelea, nyoka, na nyamaza tukitaka kumwongeza, na nimekwishasikia mtu akijenga nadharia nzima juu ya hiyo "ny". Nyamaza wewe. Sauti ya mwanzo si cheti cha kuzaliwa. Waingereza nao wana "sneak", "snake", "snoop", "snatch", yote yanaanza kwa "sn", na yote yana harufu ya mtu asiyeaminika, lakini "snoop" haimo kabisa kwenye ukoo wa watambaao.

Hadithi ya "snoop" nitaieleza yote kwa sababu naipenda. Imetoka kwa Waholanzi walioishi Marekani, ikaingia kwenye Kiingereza cha huko karne ya 19. Kitenzi chao ni "snoepen", na hadi leo Kiholanzi huita peremende "snoep". "Snoepen" ni kula vitamu kwa kificho: mama kageuka, mkono uko kwenye kopo la sukari. Kwa Kiswahili ni kudokoa. Mtoto wa Uswahilini anayefunua sufuria ya nyama wakati mama yuko nje anachambua mchele, anachopoa kipande kimoja, analamba vidole, anarudisha mfuniko kwa upole ili usilie, huyo ndiye "snoop" wa asili. Baadaye Wamarekani wakahamisha udokozi kutoka kwenye sufuria hadi kwenye mambo ya watu. Ikifika kwenye skripti yangu kwamba shangazi "was snooping in her room", siandiki "alikuwa akichunguza", hiyo ni ya polisi. Naandika "alikuwa akidokoadokoa vitu vyake", kama kweli ameonekana akifungua droo. Akiwa anachungulia kwenye tundu la ufunguo, anapiga chabo, ila angalia saa ya kurushwa. Chabo ina maana zake, na wazazi wanakaa sebuleni na watoto.

Ndugu wengine wa "sneak" nitawapitia haraka. "Stealth" imezaliwa na "steal", kuiba, na mwanzoni ilikuwa na maana ya wizi wenyewe kabla ya kuwa usiri wa mwendo. Kiingereza kina pia "steal away", ambayo ni kujiiba neno kwa neno, wala hakuna aliyemwiga mwenzake. "Stalk" inatajwa kwenye ukoo huohuo wa "steal", na kwa mnyama ni kunyatia, kwa binadamu wa leo ni kumfuatafuata mtu hadi akose amani. "Creep" ni ya kale, "crēopan", kutambaa, na ukimwita mtu "a creep" umemtukana. "Skulk" ililetwa na watu wa kaskazini, na ndugu yake wa Kiswidi, "skolka", maana yake ni utoro wa shule. "Prowl" imejulikana tangu karne ya 14 na hakuna anayejua ilikotoka. Huyo ni fisi anayeranda, anatafuta chochote. "Lurk" hatembei kabisa, amejibanza anavizia. Ukiona "lurking" usimtembeze mtu wa watu.

Kuvizia kunanipeleka kwenye mpira, na hapa ndipo panaponifurahisha kuliko pote. Mshambuliaji akikaa nyuma ya mabeki anasubiri pasi, mtangazaji wetu anasema ameotea. Kuotea ni kukaa mahali unavizia windo lipite. Sasa chukua kanuni za mpira za shule ya Eton huko Uingereza, za mwaka 1847, miaka 16 kabla chama chao cha soka hakijaundwa. Mchezaji aliyekaa mbele ya mpira huku mbele yake wakiwa wapinzani watatu au pungufu, kanuni zilisema anafanya "sneaking", na hakuruhusiwa kuupiga. Neno "offside" ndilo lililoshinda baadaye. Lakini watoto wa mabwana wa Eton na watangazaji wa Kariakoo, bila kuulizana, waliliona kosa kwa jicho moja: ni ujanja wa mtu anayevizia pasipo haki. Nikipata tamthilia ya Kiingereza ya shule za zamani na mtoto akapiga kelele "Sneaking!" uwanjani, nitaandika "Ameotea!" nilale usingizi.

Shuleni hukohuko, lakini darasani, "a sneak" ni mtoto anayewasemea wenzake kwa mwalimu. Hapa hakuna mwendo tena. "You little sneak" ni "Wewe msemeaji", au kama wahusika ni watu wazima, mchongezi.

Harufu ya neno ikishajulikana, rudi kuuliza: ni ya nani? Hili wengi hawaliulizi. Kwenye ile sentensi ya mama mkwe, Kituruki kilisema "gizlice", kutoka "gizli", yaani kilichofichika. Kwa siri, basi. Hakuna dharau ndani yake. Mtu wa kati aliyegeuza Kituruki kuwa Kiingereza ndiye aliyeweka "sneaked", na pamoja nayo akaweka kidole cha kumnyooshea msichana. Kwa mama mkwe inafaa, huyo ananyoosha vidole tangu sehemu ya kwanza. Lakini sehemu iliyofuata rafiki wa msichana anasema jambo lilelile kwa huruma, skripti bado inasema "sneaked", na hapo nikaliacha neno nikaandika "alitoka kimyakimya". Huna haja ya kujua Kituruki chote. Jifunze maneno yanayojirudia, na ukiona "gizlice" imesikika, jua hukumu si ya mwandishi.

"Kinyemela" nalo liangalie. Ni zuri, na magazeti yanalipenda: kiwanja kimeuzwa kinyemela, mtu kaajiriwa kinyemela, ndoa imefungwa kinyemela. Lakini limeshakuwa neno la kukiuka taratibu. Mtoto aliyeingia jikoni hakuingia kinyemela labda kama unatania. Mjomba aliyebadilisha jina kwenye hati ya nyumba, huyo ndiye mwenyewe.

Kuna "sneak" zisizo na miguu kabisa. "A sneaking suspicion" ni wasiwasi unaokuja bila kualikwa, na Kiswahili kinasema "roho inaniambia" au "machale yananicheza". Hili la pili mpe kijana au askari, usimpe bibi. "Sneak peek" ni kionjo. "Sneak attack" ni shambulio la kushtukiza. "Gumshoe", mpelelezi, amepewa jina la viatu vyake vya soli ya mpira visivyolia. Kachero, au shushushu kama anatajwa kwa uoga. Na "pussyfoot", kutembea kama paka, siku hizi karibu kila mara ni mtu asiyetaka kusema wazi: anamung'unya maneno. Amerika walikuwa na William Johnson, afisa aliyesaka wauza pombe haramu hadi akaitwa Pussyfoot Johnson. Mwaka 1919 alikwenda London kuhubiri watu waache pombe, akapigwa na kitu jichoni, jicho likaharibika. Wauza gongo wa kwetu wangemwelewa.

Ukikutana na "snuck" usidhani ni kosa la chapa. Ni wakati uliopita wa "sneak" kwa Wamarekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, na sasa inakubalika. Kwa tafsiri haibadilishi kitu, ila inakwambia anayesema si Mwingereza wa zamani.

Na "sneakers", viatu vilivyoitwa hivyo Marekani kwa sababu soli zake za mpira hazisikiki ukitembea, andika raba. Mhusika akiwa kijana wa chuo, "snika" inapita.